Barua za Nyanya Yangu na Darasa la Jumatano

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilijitolea kufundisha Kiingereza katika kituo cha jamii kinachohudumia wanawake wa Kipashtuni, watu wa Afghanistani na Pakistani, na familia zao hapa Birmingham, nikidhani kwamba kazi yenyewe ingekuwa kufundisha. Wiki ya kwanza walikuja wanawake wawili, wiki ya pili mmoja, na wiki ya tatu nilifundisha viti. Orodha niliyokabidhiwa ilikuwa na majina kumi na tisa.

Majina hayo yalikuwa ya watu wa hali mbili tofauti. Wengine walikuwa wake walioolewa kutoka Khyber Pakhtunkhwa, upande wa Pakistani, ambao waliingia Uingereza kwa viza ya ndoa baada ya kufaulu mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, na ambao wangelazimika kufikia ngazi ya B1, ya kati, ili wapewe ukaazi wa kudumu. Wengine walitoka Afghanistani baada ya Kabul kuanguka tarehe 15 Agosti 2021, na walikuwa bado wamewekwa hotelini wakisubiri nyumba, familia ya watu saba ikigawana vyumba viwili visivyo na jiko. Wote ni Wapashtuni, ila matamshi yao hayalingani: wa Kandahar huiita lugha yao Pashto, wa Peshawar huiita Pakhto, na katika wiki za mwanzo nilisikia wakisahihishana wao kwa wao kuliko walivyonisikiliza mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwatumia ujumbe wa simu, tena kwa Kiingereza. Nambari zilizokuwa kwenye fomu zilikuwa za waume zao, na mume anayerudi usiku kutoka kazini hana sababu ya kumsomea mkewe ujumbe wa mtu asiyemjua. Fomu hizo zenyewe zilikuwa na kichekesho chake, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wangu kutoka Afghanistani walizaliwa tarehe 1 Januari. Tazkira ya zamani, yaani kitambulisho chao cha karatasi, mara nyingi huandika tu kwamba mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kadhaa katika mwaka fulani wa kalenda yao ya Hijria ya jua, basi afisa wa uhamiaji anapotafuta siku na mwezi wa kujaza hukimbilia siku ya mwaka mpya.

Mratibu wa kituo, ambaye ni Mpashtuni, alinitazama nikipanga viti vitupu na akaniuliza swali moja: "Dada, umekwenda kwa mavyaa zao?" Niliona haya, kwa maana mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu hakuna anayekwenda kumtoa mke wa watu nyumbani bila kupiga hodi kwa wakubwa wake. Nilikuwa nimekaa Uingereza miaka kumi na mmoja, nikazoea kwamba fomu inatosha.

Tukaanza kuzunguka nyumbani kwao, mratibu na mimi, kila Jumamosi alasiri. Mgeni hupokewa kwa maneno "starrey ma she", yaani usichoke, naye hujibu "khwar ma she", yaani usidhalilike, kisha huletwa chai ya kijani yenye iliki pamoja na zabibu kavu, jozi na lozi zilizopakwa sukari. Ukarimu huo wanauita melmastia, nao ni nguzo ya Pashtunwali, mwenendo wanaojipimia utu wao. Nilijifunza kutolitaja darasa hadi kikombe cha pili. Kabla ya hapo niliulizwa mimi ni binti wa nani, watoto wangu ni wangapi, na kama ni kweli kwamba Waafrika wa pwani ni Waislamu. Ndipo maswali yenyewe yakaja: mlango wa kuingilia ni upi, kuna wanaume gani katika jengo, nani atawashika watoto, na kwa nini darasa liwe saa saba mchana wakati chakula kiko jikoni.

Maswali hayo yalinifaa kuliko mafunzo yote niliyopewa kabla ya kuanza. Darasa tulilihamishia saa tatu na nusu asubuhi, mara tu wanapowafikisha watoto shule. Tulifungua mlango wa ubavuni ili wasipite kwenye ukumbi wa michezo ya vijana, na chumba cha pili tukakitandika mikeka kwa watoto wadogo. Mavyaa nao tuliwakaribisha waje wenyewe wakitaka. Mwenzangu mmoja wa kujitolea alilalamika kwamba tunaomba ruhusa ya mtu mwingine kwa ajili ya mwanamke mzima, na sikuwa na jibu la kumnyamazisha, kwa sababu hata mimi jambo hilo lilinikereketa na bado linanikereketa. Nilimwambia tu kwamba Jumatano iliyofuata walikuja wanane. Nyumba mbili zilikataa, na mume mmoja alikubali kwa sharti kwamba naye aketi darasani. Sharti lake tulilikataa, na mkewe hakuja tena.

Wanane hao walikuja, lakini walikaa kama wageni. Nusu yao hawakuwahi kwenda shule hata siku moja, na waliosoma walifungua madaftari yao kutoka upande ninaouita wa mwisho. Hilo la madaftari ndilo lililonikumbusha barua mbili za nyanya yangu, ambaye aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kama watu wengi wa pwani wa rika lake, akitumia pe na che zenye nukta tatu, herufi ambazo Kiarabu hakina lakini Kipashto kinazo. Nilizileta Jumatano moja na kumpa mwanamke wa Kandahar aliyekuwa amesoma hadi darasa la tisa. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, lugha asiyoielewa, na mimi nikamsikia nyanya yangu akisalimia. Alipofika kwenye neno "khabari" alisimama, kisha akasema, "Khabar!" Baada ya hapo wote walitaka kujua mengine, tukajaza ubao: kitabu na kitab, safari na safar, wakati na waqt, dunia na dunya, sabuni na sabun. Mavyaa mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na tasbihi yake alisema jambo lililowachekesha wote, na nilipotafsiriwa nikaambiwa amesema kwamba mwalimu ni Mpashtuni aliyesahau nusu ya lugha.

Mavyaa huyo hajui kusoma, ila ana landay nyingi moyoni, ushairi mfupi wa mishororo miwili, wa kwanza silabi tisa na wa pili silabi kumi na tatu, ambao kwa sehemu kubwa hutungwa na kuimbwa na wanawake bila jina la mtunzi. Nilimhesabia kwa vidole mizani kumi na sita za mshororo wetu, naye akaona ni nyingi mno.

Kuanzia hapo kitabu cha mazoezi tulikiweka kando, tukafundisha yale waliyoyahitaji wiki ile: kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, kujibu barua ya shule, na zaidi ya yote kupiga simu kliniki. Mmoja wa wanafunzi wangu, mjamzito wa miezi sita, alikuwa amepelekewa mkalimani wa Kidari, lugha nyingine ya Afghanistani, mara mbili mfululizo, kana kwamba kila Mwafghani huzungumza Kidari, na mara ya tatu ikabidi mwanawe wa miaka kumi amwelezee mkunga mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Mkalimani katika huduma ya afya ya umma hapa hutolewa bure, lakini mgonjwa lazima ajue kumwomba, na amwombe wa lugha yake. Sentensi hiyo moja tuliifanyia mazoezi kwa wiki mbili, mimi nikiwa mpokea simu mwenye haraka.

Alipiga simu mwenyewe, mbele ya darasa zima, sauti ikiwa imefunguliwa. Aliwekwa kwenye muziki wa kusubiri kwa dakika kumi na saba. Alipopokelewa alitaja jina lake, tarehe 1 Januari, na kisha, "Pashto. Siyo Dari." Mtu wa upande wa pili akamwomba arudie, naye akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Alipokata simu aliangalia saa, akamwambia mavyaa wake aliyekuwa nyuma kwamba viazi havijamenywa, na wakaondoka pamoja kwa mlango wa ubavuni.