Kifutio cha kwantamu: mistari imerudi, tatizo lilikuwa kwenye leza

Najaribu nyumbani kifutio cha kwantamu, yaani jaribio la fizikia ya chembe ndogo mno ambapo mistari ya mwanga wa leza inafutwa kisha inarudishwa. Mistari imerudi! Jana saa nne usiku, kwenye ukuta wa chumba cha uani hapa Pasua, mjini Moshi, nilishika kipande cha tatu cha polaraiza (plastiki inayopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu) mbele ya mwanga na mistari myekundu ikajitokeza palepale ilipokuwa imefutika. Nikakitoa, ikapotea. Nikakirudisha, ikarudi. Nilirudia labda mara hamsini, mpaka shangazi akagonga dirisha: "Baba, hulali? Kesho si una kazi?"

Wiki tatu nzima kitu hiki kilikuwa kimenishinda. Naandika asubuhi hii kabla sijasahau nilipitia wapi, maana kosa lenyewe ni la kujificha na najua kuna mwenzangu atakwama hapohapo.

Mpangilio ni ule wa kumbukumbu iliyopita: leza nyekundu ya nanomita 650, unyuzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa spika, ukuta uko mita 3 mbele. Mwanga unapita kushoto na kulia kwa unyuzi, njia hizo mbili zinakutana ukutani na kuchora mistari ya mwanga na giza. Mistari yangu imeachana milimita 13, kwa hiyo unyuzi una unene wa milimita 0.15. Hadi hapo hakuna shida. Shida ilianza nilipotaka kuziwekea alama njia mbili za mwanga: kushoto kwa waya polaraiza iliyosimama, kulia polaraiza iliyolala. Ukishafanya hivyo, mwanga wa kushoto na wa kulia umevaa sare tofauti. Sasa inawezekana kujua fotoni (chembe moja ya mwanga) imepita upande gani, na huko kuwezekana tu, hata kama hakuna mtu aliyepima, kunatosha kuifuta mistari. Kisha unaweka kipande cha tatu, kimelala nyuzi 45, katikati ya waya na ukuta. Kinazivua sare zote mbili, habari ya njia inapotea, mistari inarudi. Wanafizikia Scully na Drühl ndio walioleta wazo la kifutio cha kwantamu mwaka 1982, na tangu nilisome limekuwa halinitoki kichwani.

Usiku wa kwanza nilipoweka alama, mistari ilifutika kabisa. Nilifurahi mno, nikapiga picha nikawatumia wenzangu. Halafu nikaweka kipande cha tatu. Hakuna kitu. Mwanga ulififia tu. Nikakizungusha nyuzi 30, 45, 60, nikakigeuza nyuma mbele. Doa jekundu lililofifia, basi.

Nilianza kushuku plastiki zenyewe. Nilizitoa kwenye kioo cha televisheni iliyopasuka, nilichopewa na fundi mmoja karibu na stendi, na zilikuja na gundi nzito. Nikasafisha kwa spiriti, ikachukua jioni mbili. Kipande kimoja nilikijaribu kwa thina, kikawa cheupe kama ukoko wa ugali. Msiguse thina kabisa. Gundi ikaisha, mistari haikurudi.

Nikashuku mielekeo. Labda zile mbili hazijapishana nyuzi 90 sawasawa? Njia ninayoitumia kujua mwelekeo wa polaraiza ni vigae vya sakafu: mng'ao unaorudi kutoka sakafuni umelala zaidi kuliko kusimama, kwa hiyo ukitazama mng'ao huo kupitia plastiki huku ukiizungusha, pale unapozimika ndipo plastiki yako imesimama. Nikapima upya zote. Nikazilaza moja juu ya nyingine, giza tupu. Mielekeo ilikuwa sahihi.

Basi nikaamua tatizo ni pale vipande viwili vinapokutana. Kiungo hicho lazima kifichwe na waya, na waya wangu ni milimita 0.15. Ukikata vibaya, kingo mbili zinaacha ufa, mwanga unapenya katikati bila alama yoyote na kuharibu kila kitu. Hapa ndipo nilipozika siku zangu. Nilitengeneza viungo tisa. Wembe mpya kwa kila mkato, rula ya chuma, tochi ya kichwani, pumzi nimeizuia. Cha tano nilikipenda, kingo zilikaa kama mlango na fremu yake. Cha tisa kilikuwa kizuri zaidi. Vyote tisa vilifanya jambo lilelile: mistari inafutika, hairudi. Nikifumba macho nilikuwa naona ule ufa.

Jana betri zikaisha. Leza hizi za kalamu zinakula vile vibetri vya kitufe haraka sana. Nikaitoa leza kwenye kibanio cha nguo, nikabadilisha betri, nikairudisha. Doa la ukutani likaonekana tofauti. Lilikuwa limepanuka upande wa kulia, pana na kali kuliko nilivyozoea. Nilidhani ni nguvu ya betri mpya. Lakini betri mpya ingeongeza pande zote mbili, haiwezi kuchagua kulia. Nikaizungusha leza taratibu ndani ya kibanio, kama mtu anayefungua bomba, na nikaona nusu ya kulia inazimika polepole mbele ya macho yangu, kisha inawaka tena.

Leza ya dayodi tayari ina mwelekeo wake! Mwanga wake unatoka umeshapolaraizika. Kwa wiki tatu leza yangu ilikuwa imekaa kwenye kibanio ikiwa imesimama, na polaraiza ya kulia, iliyolala, ilikuwa inauzuia mwanga wote wa upande huo. Mistari haikufutika kwa sababu ya alama. Ilifutika kwa sababu njia moja ilikuwa imefungwa, na njia moja haina mwenzake wa kukutana naye. Hata ungekuwa na vifutio mia, hapo hakuna cha kurudisha. Picha niliyowatumia wenzangu nikiwa na furaha ilikuwa picha ya waya wenye upande mmoja gizani.

Kipimo cha kugundua hili kinachukua sekunde tano. Chukua kadi ya vocha, ziba upande wa kushoto, tazama ukuta. Ziba wa kulia, tazama tena. Pande zote mbili lazima zitoe mwanga unaolingana. Fanyeni hivyo kabla ya kugusa wembe.

Dawa yake ni kuzungusha leza mpaka mwelekeo wake uwe nyuzi 45, ili igawane sawa kati ya iliyosimama na iliyolala. Nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye mwili wa leza ili nisipotee tena. Nilipowasha, mistari ilifutika huku pande zote mbili zikiwaka, na safari hii ilikuwa imefutika kweli. Kisha nikaleta kipande cha tatu.

Kuna jambo lililonigusa hata zaidi. Ukizungusha kile kipande kutoka nyuzi 45 za kuinamia kulia hadi 45 za kuinamia kushoto, mistari inarudi pia, lakini imehama: palipokuwa na giza pana mwanga, palipokuwa na mwanga pana giza. Nilibandika karatasi ukutani nikachora seti zote mbili, moja kwa penseli, nyingine kwa kalamu nyekundu. Zinajazana kama vidole vya mikono miwili. Zijumlishe, unapata lile doa lisilo na mistari. Kwa hiyo mistari haikuwahi kuharibiwa, ilikuwa imo ndani ya doa muda wote, seti mbili zimelaliana, na kifutio kinachagua mojawapo. Nilikuwa nimelisoma hili mara nyingi. Kuliona ukutani kwangu ni jambo lingine kabisa.

Niseme ukweli mmoja: leza ya miliwati 1 inatoa fotoni kama trilioni 3,000 kila sekunde, maana yake katika mita 3 za chumba changu kuna fotoni milioni 30 hivi njiani kwa wakati mmoja. Mwanga mwingi namna hiyo unaweza kuuelezea kwa mawimbi ya kawaida bila kutaja kwantamu. Kinachotisha ni kwamba mistari hujijenga hata mwanga ukipita fotoni mojamoja. Wanafizikia Grangier, Roger na Aspect walilionyesha hilo mwaka 1986. Na kabla yao G. I. Taylor, mwaka 1909, alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu sana, akaacha bamba la picha likae saa 2,000 hivi, karibu miezi mitatu. Sindano yake na unyuzi wangu ni ndugu.

Kuhusu vifaa: vibanio vya nguo vya mbao vinashinda vya plastiki, havitelezi. Leza ya kijani sitaki tena, niliyonayo inapoteza nguvu ikipata joto na mchana wa Moshi hauna huruma. Kamera ya simu urekebishe mwangaza wake kwa mkono, usiiachie ijirekebishe yenyewe, la sivyo inaunguza picha na mistari haionekani.

Nilipanga sasa nipime mistari kwa LDR (kihisi cha mwanga) na Arduino (kibao kidogo cha kompyuta), nichore grafu. Nimeiacha. Usiku kucha nimewaza kitu kingine: kile kipande cha nyuzi 45 kinachofuta habari ya kusimama na kulala ndicho moyo wa njia ya Bennett na Brassard ya 1984 ya kutuma ufunguo wa siri, yaani namba za kufungia ujumbe. Mtumaji anachagua kwa bahati nasibu kati ya kusimama-kulala na mshazari, mpokeaji naye anachagua kwa sarafu, wanabaki na zile fotoni ambazo chaguo zao zimelingana, takriban nusu. Mdukuzi akipima katikati na kutuma upya, robo ya walizobakiza inaharibika, wanamgundua. Kwa leza yangu nzito haitakuwa siri ya kweli, maana mdukuzi anaweza kuchota mwanga kidogo bila kuonekana, lakini mchezo wote unaweza kuchezwa mezani kwa polaraiza tu. Mpwa wangu ameshaomba awe mdukuzi.

Nahitaji vipande vinne vipya. Fundi ameniambia ana televisheni nyingine iliyopasuka, nipite Jumamosi na shilingi elfu tano.