Fuso iliyobadilishwa gasketi mara mbili

Mwaka 2014 nilikuwa saidia fundi kwenye gereji moja ya uwanjani Tabata, Dar, huku karibu na Barabara ya Mandela, enzi hizo flaiova ya Tazara bado haijajengwa na malori yanakaa foleni mpaka dereva anazima gari anashuka kununua miwa. Kazi yangu ilikuwa kuosha spea kwa dizeli, kushika tochi, na kutumwa chai na chapati. Ndo ikaletwa Fuso moja, ile ya injini ya 6D16 turbo, silinda sita mstari mmoja, cc 7,545, inabeba kokoto za Lugoba kuleta mjini. Dereva kashuka, hata salamu hajamaliza, anasema "mafundi hii gari inakunywa maji kunizidi mimi".

Stori yake ilikuwa hivi, gari ikiwa tupu inaenda vizuri tu, ikipakia inakuja poa mpaka kwenye vile vilima vya Kiluvya na Kibamba, hapo mshale wa temperecha unapanda, anapaki pembeni, maji yanatapika kwenye tenki ya akiba na paipu ya juu ya rejeta imekaza hata haibonyezeki. Huko alikotoka walishabadilisha silinda hedi gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku, ikarudi kuchemsha, wakabadilisha tena, hedi wakaipeleka kusagwa fesi, yani uso wake unyooke, rejeta ikazibuliwa, na themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, wakaing'oa wakatupa. Hii ya kutupa themostati naichukia mpaka leo, watu wanadhani wanaisaidia injini ipoe kumbe kuna injini ukiitoa maji ya moto yanapita njia ya mkato yanarudi kwenye bloku bila hata kuiona rejeta.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa Kariakoo, ana duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na bodaboda akiwa na bahasha ya risiti zote. Akamwambia mzee wetu, yani fundi mkuu, "Baba, shikamoo. Mi hela ya kufungua hedi tena sina, na kama ninayo sitoi."

"Marahaba mama yangu. Hatufungui kitu leo."

Sasa pale gereji kulikuwa na fundi mwingine kijana, mkali sana wa kazi lakini mikono yake inatangulia. Yeye alishachukua spana ya kufungulia kava ya tepeti, ule mfuniko wa juu ya hedi, anasema hedi ina kreki, yani ufa, gasketi mbili haziwezi kufa hivihivi. Na kusema kweli hakuwa anaongea ujinga, kreki ipo sana kwa gari iliyochemka mara nyingi. Mzee akamwambia tu weka hiyo spana chini tuangalie kwanza.

Akachomoa stiki ya oili, oili nyeusi ya kawaida, haijageuka rangi ya maziwa. Gari ilikuwa imelala pale usiku kucha, asubuhi akaipiga stata ikawaka papo hapo, silinda zote zinachoma, hakuna moshi mweupe. Hapo akanielekeza mimi, maana alikuwa na tabia ya kufundisha bila kukuambia anakufundisha, kwamba kama maji yangekuwa yanavuja kwenda kwenye silinda yangejikusanya usiku juu ya pistoni, asubuhi ingewaka kwa kigugumizi na kutoa moshi mweupe unaonuka utamu wa kulanti, au stata ingegoma kabisa kwa sababu maji hayashindiliwi. Akainamia rejeta akanusa. "Njoo unuse." Nikanusa, maji yenye kutu tu. Gesi ya silinda ikiingia kwenye maji utasikia harufu ya moshi wa dizeli.

Lakini mapovu yalikuwepo! Tulijaza maji mpaka shingoni injini ikiwa ya baridi, tukawasha bila mfuniko, sekunde chache tu mapovu yanakuja mfululizo. Kijana akasema "si unaona mzee?" Maji ya baridi hayawezi kuchemka kwa sekunde chache, kwa hiyo kuna upepo unaingia, hilo hakuna aliyebisha. Na mlipuko ndani ya silinda ya dizeli unapita bar 100 wakati mfuniko wa rejeta unazuia kama bar moja au chini ya hapo, kwa hiyo katundu kadogo tu kanatosha kutapisha maji yote. Mzee akalegeza nati za paipu zinazopeleka dizeli kwenye nozeli moja moja, maana ukiizima silinda inayovuja mapovu yangepungua, kila silinda akiizima anauliza "vipi huko?" Namjibu yale yale mzee. Namba moja mpaka sita, mapovu hayajali.

Akafikiri kidogo afu akapanda kwenye kebini akakaa kwenye usukani. "Dogo, we angalia maji, usiangalie kitu kingine."

Nikaangalia. Mapovu, mapovu, mapovu, afu nikasikia pshhhh ya upepo chini ya gari, ile ya matenki ya upepo wa breki yakijaa, na mapovu yakakata. Maji yakatulia tuli nikaona sura yangu. Nikapiga kelele "yameacha!" Mzee hakujibu, akakanyaga breki mara kadhaa, geji ya upepo ikashuka, na mapovu yakarudi. Matenki yakajaa tena, karibu bar 8 kwenye geji, pshhhh, yakakata. Kijana alisogea akainama na yeye, akaangalia, akasema "aisee" tu.

Kompresa ya upepo wa breki kwenye lori inaendeshwa na gia za injini, inakula oili ya injini na kichwa chake kinapozwa na maji yale yale ya injini. Ikiwa inajaza matenki inashindilia hewa, yakijaa gavana, kidude kinachosikiliza upepo wa matenki, inaifungulia vali inazunguka bure haishindilii kitu. Gasketi yake ndogo ikiungua kati ya njia ya upepo na njia ya maji, sehemu ya upepo inaenda kwenye rejeta. Na ndo maana dereva alikuwa anapata shida siku za foleni zaidi, asimame aondoke, breki kila dakika, kompresa haipumziki, maji yanasukumwa nje kidogo kidogo, akipakia akafika mlimani yaliyobaki hayatoshi kupoza mzigo.

Kuhakikisha, tukazitoa paipu mbili za maji kwenye kompresa tukaziunganisha kwa kipande cha bomba ili maji yasipite kule, tukawasha muda mfupi tu maana kompresa bila maji inaungua. Hakuna povu hata moja.

Kuifungua haikuchukua hata nusu saa. Gasketi ina mstari mweusi umeungua kutoka tundu la upepo mpaka tundu la maji, na paipu inayopeleka upepo kwenye tenki imeziba masizi, kalamu haipiti. Mzee alikasirikia hiyo paipu kuliko gasketi, maana ikiziba hivyo kompresa inajinyonga, joto linapanda kupita nyuzi 200, ukiweka gasketi mpya bila kubadilisha paipu utairudia. Nikatumwa mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kuchukua seti ya gasketi, paipu, na themostati. Dereva alibisha sana kuhusu themostati, mzee akamwambia basi tafuta gereji nyingine, akanyamaza.

Ilipopakia Lugoba dereva alipiga simu akiwa Kibamba, mshale umekaa katikati, anacheka peke yake.

Shida ikawa kwenye hela. Mama alishika ile gasketi ya zamani, akaigeuzageuza, "baba, kwa haka kadude ndo unaniambia bei hiyo?" Mzee akamwomba ile bahasha ya risiti, akamsomea kwa sauti walichomtoza kule kwa hedi, moja baada ya nyingine. Mama akalipa nusu hapo hapo, nusu nyingine akaituma kwa dereva baada ya tripu, na ilifika pungufu elfu kumi, dereva anasema alipewa hivyo hivyo, mama anasema alimpa kamili.