Squeeze kwenye kanda: usiipige papo hapo
Mkusanyiko wa nyimbo za Squeeze, bendi ya London, wa 1982, Singles – 45's and Under, haujapata haki yake. Chris Difford wa bendi hiyo alitunga maneno, mwenzake Glenn Tilbrook akatia muziki, na visa vyao vya maisha ya London vina utani mkali. Ukiipata kanda yake ya kaseti Mombasa, tazama kwanza kidirishani: unyevu wa pwani huotesha ukungu, na ukiona unga mweupe iweke kando, itachafua hedi, yaani kichwa cha redio kinachosoma utepe. Ikiwa safi, izungushe hadi mwisho kisha irudishe, utepe ulioshikana uachane.

Sauti ikififia kana kwamba mwimbaji kajifunika blanketi, angalia kile kisponji kidogo nyuma ya utepe. Gundi yake hukauka, kikadondoka. Muziki ukijikokota, lawama ni ya mpira uliolegea, ule unaozungusha kanda ndani ya redio, si ya Tilbrook.