Nilivyomsoma Clytemnestra bila kumfanya shetani wala malaika

Semina yetu ya shahada ya pili ilinipa mada pana mno: mwanamke na madaraka katika tanzia za Kigiriki. Nikaamua kubaki na Oresteia tu, tamthilia tatu za Aeschylus zinazofuatana, zilizoigizwa Athens mwaka 458 KK, na humo nikamfuata mtu mmoja, Malkia Clytemnestra wa Argos. Wengi wanamjua kwa jambo moja: alimuua mumewe, Agamemnon, siku aliyorudi kutoka vita vya Troy. Nadharia ya ufeministi nilikuwa nayo kichwani, ila haikunifikisha popote mpaka nilipoketi na maandishi yenyewe, penseli mkononi.

Kila ukurasa niliandika pembeni: nani anaamuru, nani anatii, nani ananyamazishwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ilinilipa mapema, kwenye wimbo wa wazee wa Argos, wanaoimba kama kwaya ya tamthilia, unaosimulia kuchinjwa kwa Iphigenia, binti wa Clytemnestra. Meli zimekwama bandarini Aulis kwa upepo mbaya, na Agamemnon anakubali kumtoa mwanawe kafara ili jeshi lisafiri. Anawaamuru watumishi wamnyanyue juu ya madhabahu kama mwanambuzi, na wamzibe kinywa asije akailaani nyumba yake. Binti anabaki na macho tu ya kuwaombea huruma wanaume ambao aliwahi kuwaimbia karamuni kwa baba yake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Baada ya wimbo huo, maneno ya Clytemnestra akiwa amesimama juu ya maiti ya mumewe yalinifikia kwa namna nyingine kabisa. Wazee wanatishia kumfukuza mjini. Anawauliza: mbona huyu hamkumfukuza, aliyemchinja mwanawe mwenyewe kama mnyama, ilhali kondoo wamejaa tele kwenye mifugo yake? Swali hilo hawalijibu. Wanamwambia ana kiburi.

Hata hivyo sikutaka kumtakasa. Wako wanaompamba Clytemnestra kuwa shujaa wa wanawake wote, wakamruka Cassandra, binti wa mfalme wa Troy aliyeletwa mateka. Clytemnestra anamwamuru ashuke garini aingie ndani na watumwa wengine. Cassandra kimya. Anaambiwa tena, kimya. Malkia aliyewazidi wanaume wote kwa ulimi anaingia ndani bila kupata hata neno moja kutoka kwa mateka huyu. Baadaye anamuua. Kwangu uzito wa mada uko hapo: madaraka aliyomnyang'anya mwanamume yanamwangukia mwanamke asiye na mtu. Usomaji wa kifeministi usiomwona Cassandra unawatetea malkia peke yao.

Tamthilia ya pili niliipitia haraka, nikakaa na ya tatu. Orestes, mwana wa Clytemnestra na Agamemnon, aliyemuua mama yake kulipa kisasi cha baba, anashtakiwa Athens. Mungu Apollo anamtetea kwa hoja kwamba mama si mzazi hasa. Anaihifadhi tu mbegu ya baba, kama mwenyeji anavyomhifadhi mgeni. Ushahidi wake ni Athena, mungu wa kike asiye na mama aliyemzaa. Athena naye anapiga kura upande wa Orestes, kura zinalingana, mshtakiwa anaachiwa huru. Makala ya Froma Zeitlin, mtaalamu wa fasihi ya Kigiriki, ya mwaka 1978 ilinisaidia sana hapa. Anaonyesha jinsi kazi nzima inavyokwenda hatua kwa hatua mpaka mwanamke awekwe chini ya mamlaka ya mwanamume, na mfumo dume huo uonekane ndio haki yenyewe.

Nikarudi kwenye maandishi yangu ya pembeni kutafuta Iphigenia anatajwa wapi katika kesi hiyo. Hatajwi. Mama anahukumiwa kwa kumuua mume, na kifo cha binti hakipo mezani kabisa. Juu ya ukimya huo ndipo nilipojenga wasilisho langu lote, na hoja zilizokuwa zimetawanyika zikashikana.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kama si mimi ninayemwekea Aeschylus mawazo ya leo, maana aliandikia waigizaji wa kiume, katika mji ambao mwanamke hakuwa na kura. Nilimfungulia ukurasa wa lile swali la kondoo. Ni Aeschylus aliyeliandika, na ni yeye aliyewaacha wazee bila jibu.