Zamu yake ilikuwa imefika

Leo ni Ijumaa usiku, na tangu Jumanne nimelibeba neno moja ambalo sijapata pa kulitua. Nilikusudia kuandika juu ya nikahi ya mdogo wangu, ambayo hatimaye imefungwa baada ya zile nenda-rudi zote za mahari mlizozisoma hapa, na juu ya Baba Watoto kurudishwa zamu ya usiku bandarini, lakini kila nikianza najikuta nimesimama tena kwenye mlango wa ofisi yangu, ufunguo mkononi, nikimsikiliza msichana wa miaka 16.

Mnaijua ofisi yenyewe, ile iliyokuwa stoo ya vifaa vya michezo kabla sijakabidhiwa kazi ya ushauri nasaha, na ambayo hadi leo inanukia mipira. Humo ndimo nilimowakalisha Jumanne, baada ya kipindi cha mwisho, wasichana wanne wa kidato cha tatu. Watatu kati yao walimpiga picha mwenzao akiwa amesinzia darasani, mdomo wazi, wakaitengeneza stika ya WhatsApp. Ya kwanza, wanasema, ilikuwa ya kuchekesha tu. Zilizofuata ziliandikwa maneno, na maneno yakamgusa hata mama yake, ambaye anauza viazi karai kando ya barabara na ndiye anayemlipia karo. Zilifika stika kumi na moja. Binti yule akiandika lolote katika kundi la darasa, hata kuuliza zoezi la kemia, hujibiwa kwa uso wake mwenyewe. Akaacha kuandika. Kisha akaacha kuja shuleni siku za Jumatatu, na hapo ndipo sisi walimu tulipozinduka, kwa kuwa daftari la mahudhurio tunalisoma kuliko tunavyosoma nyuso.

Niliendesha kikao kama nilivyofundishwa. Viti vilikuwa duara, anazungumza mmoja mmoja, hakuna kutukanana, linalosemwa humu linabaki humu. Kisha nikatamka ile sentensi ambayo katika mafunzo tuliisifu sana: kila mmoja aeleze amechangia nini katika mgogoro huu. Wale watatu walieleza, mmoja akalia. Binti naye, ilipofika kwake, alisema kwamba labda alikuwa akiwajibu kwa ukali. Tukaandika makubaliano, wakatia sahihi wote wanne, wakapeana mikono. Nilijiona hodari, niseme kweli. Nilimimina chai iliyobaki kwenye chupa nikainywa vuguvugu, nikihesabu kwamba nimemaliza kwa dakika hamsini jambo ambalo lingefika polisi.

Nilikuwa nafunga mlango alipotokea nyuma yangu.

“Mwalimu, naomba kuuliza.”

“Uliza, mwanangu.”

“Pale uliposema kila mtu aeleze amechangia nini. Mimi nilichangia nini?”

“Si umesema mwenyewe kwamba ulikuwa ukiwajibu kwa ukali?”

“Nilisema hivyo kwa sababu zamu yangu ilikuwa imefika.”

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alishuka kituo kisichokuwa chake: gari lilisimama, akashuka. Kisha akanitakia jioni njema akaenda zake.

Kwenye feri nilisimama ukingoni nikatunga majibu. Nilitunga moja lenye hekima, na jingine la kujitetea, na la tatu ambalo ni kuomba radhi. Mpaka tunagota Likoni nilikuwa nayo matatu na mwenye kuyapokea hayupo. Usiku nikalirudia swali tena, safari hii nikimpa yeye sauti ya ukali ambayo hakuwa nayo, pengine ili nipate sababu ya kukasirika. Haikusaidia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kuitwa watu wanapogombana, na nimekua nikisikia kwamba suluhu ni kheri. Lakini nikikumbuka kesi zake, zilikuwa za majirani wawili na ukuta mmoja, au ndugu wawili na minazi ya urithi. Kila mmoja alikuja na haki yake kidogo na kosa lake kidogo, na kazi ya babu ilikuwa kupima. Uonevu haupimiki hivyo. Dan Olweus, mtafiti wa Norway aliyetumia maisha yake kuchunguza jambo hili shuleni, aliutambua kwa mambo matatu: ni wa makusudi, hurudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na anayemwonea. Hilo la tatu nimelifundisha mwenyewe, ubaoni, kwa mwandiko wangu. Kisha nikaweka viti duara, watatu kwa mmoja, nikaamini kwamba duara limewasawazisha.

Nisijilaumu kupita kiasi pia. Njia nyingine iliyokuwapo ni ile aliyoitaja baba mmoja mlezi, mjomba wake binti, aliyekuja na nakala ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya Kenya ya mwaka 2018, amekipigia mstari kifungu cha 27, kile cha unyanyasaji wa mtandaoni, ambacho adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10. Kwa watoto wa kidato cha tatu! Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yenyewe inatoa nafasi ya kuwaepusha watoto na mkondo wa mahakama, na Katiba, katika ibara ya 159, inahimiza upatanishi. Kwa hiyo sikukosea kukataa polisi. Nilikosea kumtaka aliyeumizwa alete mchango wake mezani kama chama cha akina mama.

Jumatano nilimwita peke yake, nikamwambia kwamba hakuchangia chochote na kwamba swali langu lilikuwa baya. Alinitazama kwa muda. Nikamuuliza anataka nini, jambo ambalo, sasa ninapoliandika, naona sikuwahi kumuuliza.

“Sitaki waniombe radhi tena. Nataka zifutwe nikiona.”

Basi jana wazazi wakaja na simu, maana kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni. Mwajua stika ukishaihifadhi kwenye vipendwa hubaki simuni mwako hata aliyeituma akiifuta kundini. Inabidi kila mmoja aitoe kwa mkono wake. Simu tatu zikawekwa juu ya meza, na binti akasimama karibu nazo huku akihesabu kwa sauti. Alipofika saba, mama wa mmoja wao, mwanamke mwenye heshima zake, aliyekuja amejitanda leso juu ya buibui, akatoa simu yake mwenyewe, akaitazama, akaziba mdomo. Ile ya usingizi alikuwa nayo. Bintiye alimtumia siku moja, naye amekuwa akiituma katika kundi la familia kila usiku kuwaaga watu, akidhani ni mtoto wa watu huko Nairobi.

“Subhanallah,” alisema. “Na shangazi zake wote wanayo.”

Binti alicheka. Alicheka kwa kelele, akashika meza, na wale wengine hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Sidai kwamba kilikuwa kicheko cha furaha, lakini tangu muhula uanze sijawahi kukisikia. Kisha akasema, “Nane,” tukaendelea.

Kundi lile lina wanafunzi 43, na nimeona simu tatu, nne ukihesabu ya yule mama. Nimemwomba mwalimu wa darasa aniletee daftari la mahudhurio Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza.

Nimeandika mpaka Mama ameamka kwenda kunywa maji. Leo ametia chumvi mara mbili kwenye mchuzi wa papa, kama juzi, na nilipomwambia alinijibu kwa upole kwamba leo hakuingia jikoni.