Wateja walikuwa wanakimbia bili, sasa wanabaki

Jamani wenzangu wa kliniki za wanyama, hii imenisaidia. Hapa Kampala watu walikuwa wakisikia bei wanabeba mbwa wanaondoka, wanarudi hali imeshakuwa mbaya. Nikabandika bei ukutani, nikapunguza, wapi. Sasa nampima mbwa kwanza, namweleza mwenye mbwa shida, mfano parvo (ugonjwa wa kirusi unaowaharisha na kuwatapisha mbwa) haina dawa ya kuua kirusi, dripu ndo inamshikilia mwili ukipambana, halafu ndo naandika makadirio kwenye karatasi, ya chini na ya juu, kipi cha leo na kipi kinaweza kungoja. Na hapa ndo penyewe: naahidi kumpigia simu KABLA hatujavuka ile ya juu. Mzee mmoja akasema “basi daktari, anza”, akatuma nusu kwa simu palepale.