Waja leo waondoka leo

Ukisema kwenu Tanga, popote pale kuna mtu atakuitikia "waja leo waondoka leo", sisi tumeshazoea tunacheka, na kila mtu ana maana yake anayoipa. Mie bibi yangu wa Ngamiani alikuwa analitumia kama swali, ukienda kwake ukakalia kiti dakika kumi ukataka kunyanyuka anakwambia kwa masikitiko kabisa, waja leo waondoka leo? Sikuwahi kufikiri kama neno hilo litakuja kunichoma siku moja, tena nikiwa nchi ya watu, tena kwa sababu ya mtoto ambaye hata hajawahi kulisikia.

Ilikuwa 2019, wiki moja baada ya Pasaka. Usharika wetu uliamua kwenda kuhudumia kituo cha watoto yatima Kenya, upande wa Kwale, tukakodi Coaster, kwaya ya vijana na kinamama na mie niliyepangwa kwenye kamati ya mahitaji maana ni fundi cherehani na ndiye niliyepitia nguo zote za mtumba kushona vifungo na pindo. Tulikuwa na nguo, sabuni za miche, madaftari, na machungwa ya Muheza ambayo kusema kweli mengi tuliyamaliza wenyewe kabla ya kufika mpakani. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama km 65 tu, ukivuka upo Lunga Lunga, watu wanaongea Kiswahili na Kidigo kilekile cha huku kwetu, lakini wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya nchi, tumeshika hati zetu za kusafiria kama mayai, tunaimba njia nzima.

Tulivyoshuka tu watoto wakatukimbilia. Kuna mmoja wa kike kama miaka mitano, kichwa kimenyolewa, gauni limefungwa kifungo kimoja tu cha juu, akaja moja kwa moja kwangu akanipanda mapajani akanishika shingo akaniita mama. Sijamwambia jina wala sijamuita. Nikalia, na mwenzangu akapiga picha, na usiku ule nikaiweka wasap nikaandika watoto hawa wana upendo wa ajabu.

Ila kabla hatujaondoka mama mlezi mmoja, mtu mzima, aliniita pembeni kwenye tenki la maji akaniuliza, dada, wewe una watoto? Nikasema ninaye mmoja wa miaka mitano. Akaniuliza, mgeni asiyemjua akija kwako mwanao anafanyaje? Nikamwambia anajificha nyuma ya khanga yangu anachungulia. Akasema, "Basi." Akaendelea kuchota maji.

Ile "basi" nilikaa nayo muda mrefu. Baadaye nikaja kusoma habari za Romania, ambako baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka Desemba 1989 walikuta watoto zaidi ya 100,000 wakiishi kwenye vituo, na mwaka 2000 watafiti wakaanza kufuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wengine wakapelekwa kulelewa kwenye familia na wengine wakabaki. Waliopelekwa kwenye familia, hasa wakiwa hawajafika miaka miwili, ndio waliokua vizuri zaidi. Na moja ya alama walizoziona kwa watoto wa vituo ni hiyohiyo, mtoto kumwendea mtu yeyote asiyemjua bila kusita, yuko tayari hata kuondoka naye. Yaani kile nilichokiita upendo wa ajabu kilikuwa ni njaa, mtoto amebadilishiwa watu wengi mpaka ameacha kuchagua. Na sisi tulikuwa Coaster nzima ya watu wa kubadilishwa.

Siku ile tunaaga yule mtoto wa kike akauliza, mtarudi? Mwenyekiti akajibu kwa sauti, Desemba tupo hapa! Watoto wakapiga makofi.

Hatukurudi Desemba. Michango ilihamia kwenye vyombo vya muziki, tukasema basi Pasaka, halafu 2020 ikaja corona na mwezi wa tano Kenya wakafunga mpaka na Tanzania, yakabaki kupita malori ya mizigo tu, na hapo tukapata sababu nzuri ya kusema ambayo haikuwa sababu ya kweli, maana ahadi tulishaivunja kabla ya corona. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nami nilikuwa kwenye kamati na nilinyamaza.

Tulirudi Agosti 2022. Miaka mitatu na ushee. Nilikuwa nimemshonea yule binti gauni la kitenge, nimekadiria ukubwa kwa kumpima mwanangu, nashuka kwenye gari macho yanamtafuta. Hayupo. Amerudishwa kwa bibi yake mzaa mama, ndani ndani huko upande wa Kinango. Kumbe ana bibi! Muda wote ule alikuwa na bibi, mama ndiye aliyefariki, na bibi alimleta kituoni kwa sababu alishindwa chakula na karo. Mama mlezi akanieleza kwamba Kenya tangu 2017 walisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto, na mwaka ule wa 2022 serikali yao ilitoa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii badala ya kuwaweka vituoni. Na mie nikajua siku hiyo kwamba watoto wengi wanaoishi kwenye vituo duniani wana mzazi mmoja hai au hata wote wawili, kinachowapeleka kule mara nyingi ni umaskini.

Sasa tuliporudi Tanga ndio kikao kikawaka moto. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana na simsemi kwa ubaya, akauliza kama watoto wanapungua kituoni sisi tunachangia nini? Akasema washarika wanataka kuona matunda, wakitoa hela waone watoto mia wamevaa sare, hatuwezi kwenda kupiga picha na bibi mmoja mmoja porini. Watu wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Mie si msemaji kwenye vikao lakini siku hiyo nilisimama. Mstari wetu wa huduma, ule ulioandikwa hata kwenye bango la Coaster, ni Yakobo 1:27, kwamba dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Nikawauliza, jamani sisi ni watu wa pwani, kwetu kumtazama mgonjwa ni nini? Si kwenda kusimama mlangoni ukamwangalia kama runinga. Unakwenda na uji wako kwenye chupa, unakaa, unauliza jana alilalaje, unafua kidogo, kesho unapita tena, na usipopita mgonjwa anauliza fulani yuko wapi leo. Huko ndiko kutazama. Halafu mbona kila mwaka tunasoma mstari huu tunaishia kwenye yatima? Umeandika yatima na wajane, pamoja, na yule bibi wa Kinango ni mjane anayelea yatima, kwa hiyo nyumba moja imebeba mstari mzima, nasi tunasema hatuwezi kwenda kwa sababu haitoi picha nzuri.

Kimya kikawa kirefu kidogo. Mama mchungaji ndiye aliyesema, mwandikeni huyo bibi wa kwanza.

Tangu hapo tukapunguza sana. Coaster hakuna tena, tunakwenda watu watatu au wanne walewale kila baada ya miezi mitatu kwa basi la kawaida, na familia tunazozishika ni sita tu, tunakwenda na mtu wa ustawi wa jamii wa kulekule ambaye anatuambia nini kinahitajika na nini tuache. Mara nyingi ni vitu visivyo na mvuto, bati nane, karo ya muhula, nauli ya kliniki, mbuzi wawili. Washarika waliojiandikisha elfu tano tano kwa mwezi walipungua mwanzoni, wengine walikasirika hasa, ila waliobaki wamebaki.

Lakini nilitaka zaidi kuzungumzia vijana, maana hao ndio wanaosahaulika kabisa. Mtu akisema yatima kila mtu anamwona mtoto mdogo. Ile safari ya Agosti tulikuwa tunapima vitanda vya wadogo tununue magodoro, na kijana mmoja mrefu, miaka 17, alikuwa ananishikia futi upande wa pili. Akaniuliza taratibu bila kuniangalia, "Aunty, mimi nikitoka hapa naenda wapi?" Akifika miaka 18 anatakiwa aondoke. Mama yake amekufa, baba hajulikani, kituoni ameishi tangu ana miaka minne. Nilikosa la kumjibu, nikaandika urefu wa kitanda, nikafuta, nikaandika tena.

Mchungaji wetu anapenda kumtolea mfano George Müller wa Bristol, Uingereza, aliyeanza kulea yatima 1836 na mpaka anafariki 1898 alikuwa amehudumia zaidi ya 10,000, na anasifiwa kwa kutomwomba mtu hela ila Mungu peke yake. Sawa, lakini mie ninachokipenda kwake ni kitu kingine, kwamba mvulana akifika umri wa kutoka anakabidhiwa kwa fundi ajifunze kazi. Walikuwa wanajua mtoto anakwenda wapi. Basi nikajiambia, mie si ni fundi?

Tukakusanya cherehani mbili za miguu kutoka kwa mafundi wenzangu wa Ngamiani na moja tukanunua huko huko. Nilikuwa nakaa kule wiki mbili mbili. Yule kijana nilimuanzisha kama nilivyoanzishwa mie, kwenye karatasi, bila uzi. Unachukua ukurasa wa daftari wenye mistari, unapitisha sindano juu ya mstari, matundu yakae sawa, ukiweza mistari iliyonyooka unahamia kwenye mviringo. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu mno gurudumu linarudi nyuma mkanda unachomoka, anapandisha, unachomoka, siku ya tatu akashika mwendo na nikasikia kabisa kwa sauti kwamba mguu umetulia. Mfuko wake wa kwanza wa shati ulikaa upande. Nikamwambia ufumue. Akafumua mara nne na sikumsaidia.

Kilichotutesa kuliko cherehani ni kipande, yaani kitambulisho. Kule bila kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, mteja akitaka kukulipa unampa namba ya mtu mwingine, na kuna siku hela haifiki. Na kipande kinataka cheti cha kuzaliwa, na yeye alizaliwa nyumbani, kinataka kitambulisho cha mzazi, na mzazi ndiyo hivyo. Mama mlezi alihangaika na barua za chifu miezi na miezi mpaka akapatikana mama mdogo wa huyu kijana huko karibu na Lunga Lunga, muuza samaki, ambaye hakujua kama mtoto wa dada yake yuko hai. Alivyokuja kutoa ushahidi alimshika masikio yote mawili akasema haya ya dada, haya ya dada kabisa. Kijana alisimama wima amekakamaa, hajui afanye nini na mikono yake. Hakumrukia shingoni. Mie na mama mlezi tulitazamana tukacheka huku tunafuta machozi.

Kipande alikipata akiwa na miaka 19. Sasa amepanga chumba Ukunda na mwenzake, cherehani iko kwenye kibaraza cha duka la watu, anapunguza suruali na kushona sare za shule. Si kila mmoja imekuwa hivyo, wawili kati ya wale tuliowafundisha hatujui walipo na tunawaombea kwa majina kila Jumatano.

Na yule binti tulimfikia, nilikwenda na gauni lake ambalo lilishakuwa dogo. Alisimama nyuma ya bibi yake ameshika khanga, ananichungulia kwa jicho moja, hataki kunisalimia. Bibi akamgombeza, mwamkie mgeni. Nikamwambia mwache mama, mwache hivyohivyo, na nikamkabidhi bibi gauni alifumue aunge kitambaa.

Naandika hapa kijana wa Ukunda amenitumia vois mbili, ya kwanza anauliza zipu ya mbele ya suruali inaanzia juu au chini maana amekosea na mteja anakuja jioni, ya pili ni fupi, "Aunty, mwezi ujao unakuja tarehe ngapi?" Nimemjibu ya zipu. Hiyo nyingine nakwenda kwanza stendi kuulizia basi, ndio nimpe tarehe.